Flashi Moja Nenda, Mbili Kaa

Kwa karibu miaka mitatu sikuvaa viatu asubuhi kabla ya kumflashi mama mmoja aliyeishi Bungoma. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kitale, mtu mzima mwenye cheti na funguo za darasa la sita. Hata hivyo nilikaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, nikaacha simu yake ilie mara moja, nikakata. Kisha nikangoja. Simu yangu ikilia mara moja na kukatika, maana yake ilikuwa nenda, siku imefunguliwa. Ikilia mara mbili, kaa. Siku za mbili nilimpigia mwalimu mkuu nikamwambia tumbo linaniuma, na tumbo langu likapata sifa mbaya shule nzima.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, simu za mkononi zilipoanza kuingia mifukoni mwa walimu, na kila mtu alijua kuflashi ili asitumie pesa. Wengine waliflashi wachumba. Mimi nilimflashi mtu aniambie kama Mungu ameniruhusu kwenda kazini. Nikiyasema hayo leo watu hucheka, na mimi huwaacha wacheke, kwa sababu kweli yanachekesha. Lakini naandika kwa ajili ya macho ya mama yangu, na hapo hakuna kicheko.

Nianze na mtoto. Tulimzika mwanangu akiwa na miezi minne. Homa ilimchukua kwa siku mbili. Mume wangu akaenda kutafuta kazi mbali, barua zake zikawa chache, mwisho zikaisha. Watu wa kanisani kwetu walikuja wakaimba, wakanywa chai, wakaosha vikombe, wakaenda zao. Siwalaumu. Kila mtu ana shamba lake la kupalilia. Nilibaki katika chumba changu cha kupanga karibu na msikiti wa mjini, nikawa sipiki, sifui, na darasani nasoma maneno ya kitabu bila kujua nasoma nini. Mwalimu mwenzangu akanionea huruma, akanipeleka Bungoma.

Waliomfuata yule mama walimwita Mayi, kama watu wa huko wanavyomwita mama. Alikuwa na kiwanja kilichofagiliwa vizuri na mabenchi chini ya mabati yaliyoungwa na jiko lake. Kila Jumamosi wanawake walifika kutoka Kamukuywa, Ndalu, hata Lwakhakha mpakani. Hakuwa na kipaza sauti, wala hakupiga kelele. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na siku ile ya kwanza alinishika mikono yote miwili akakaa kimya muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa kimya nami.

"Leo ukifika nyumbani, oga," aliniambia. "Kesho ukunywe uji. Kesho kutwa uniambie vile umeamka."

Nilioga. Nilikunywa uji. Siwezi kumdanganya msomaji: yule mama alinisaidia. Mtu aliyezama katika huzuni kuna wakati anahitaji tu kuambiwa aoge, na yeye peke yake ndiye aliyejua kuniambia. Ningekuwa nimeishia hapo, leo ningekuwa namsifu.

Mama yangu aliponisikia nikitaja Bungoma kila wiki, alinionya kuhusu wahubiri wanaokula watu. Nilimjibu kwa kiburi kwamba huyu hachukui hata shilingi. Na ilikuwa kweli. Hakuna sahani iliyopitishwa pale. Ukimpelekea kuku, ulirudi naye nyumbani. Nilikuwa nimefundishwa tangu utotoni kulinda mkoba wangu mbele ya manabii, na mkoba wangu ulibaki salama kabisa. Sikujua kwamba kuna kitu kingine ambacho mtu anaweza kumkabidhi mwenzake.

Kilianza kutoka kidogo kidogo. Kwanza nilimuuliza kuhusu huzuni yangu, jambo ambalo lina maana. Kisha nikamuuliza kama niende harusi ya binamu. Kisha kama nikubali kuhamishiwa darasa la nane, kisha kama nile chakula cha matanga, kisha rangi ya leso. Kila aliponijibu nilijisikia mwepesi, na kila nilipojisikia mwepesi nikawa dhaifu zaidi kwa swali lililofuata. Mguu ukiukalia sana hufa ganzi, na ukitaka kusimama unaanguka. Mimi nilikuwa nimeukalia moyo wangu wote.

Mama yangu aliishi shambani, nje kidogo ya Kitale, kwenye ekari ambazo yeye na baba walizipata walipohama kutoka upande wa kati wa nchi wakiwa bado vijana. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama alilima mwenyewe, alisali kwenye kanisa dogo la mabati, na mimi ndiye nilikuwa mtoto wake pekee. Imani yake nilikuwa naidharau, niseme ukweli. Niliona ni imani ya mazoea, haina moto. Hakuwahi kuota ndoto yenye maana. Hakuwahi kuanguka chini akiombewa. Ukimuuliza Mungu amemwambia nini, alisema, "Amesema mvua inakuja, si unaona mawingu?"

Alikuwa na presha ya macho. Kliniki ya mjini ilimpa chupa ndogo ya matone, tone moja kila jicho asubuhi na jioni, na wakamwonya asiache hata siku ambayo macho hayaumi, kwa sababu ugonjwa ule hauumi, unaiba tu. Chupa aliitunza ndani ya kikombe cha maji ya baridi, kivulini nyuma ya mlango. Muuguzi alikuwa amemwambia akishatia dawa afumbe macho dakika tano asisimame. Basi mama alilala chali juu ya benchi la jikoni, akatia matone, akafumba macho, na hizo dakika tano ndizo alizoomba. Aliomba kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na jirani ng'ambo ya ua. Alishukuru kwa ng'ombe. Alimtaja marehemu baba. Alinitaja mimi. Dawa ilikuwa inaingia na maombi yanatoka, na dakika zikiisha alipangusa uso kwa leso, akachukua jembe.

Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na sikuona kitu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilihitaji kuambiwa.

Mtu wa kwanza aliyenichokoza alikuwa fundi wa cherehani, jirani yangu pale mjini, Mwislamu wa makamo aliyeshona kwenye kibaraza karibu na msikiti. Adhana ikilia, alifunika cherehani kwa kitambaa, akaenda kuswali, akarudi, akaendelea na mshono pale alipoachia. Siku moja alinipa habari kwamba mkewe anakwenda kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Nikamuuliza, kwa dhati kabisa, kama shehe wao amempa ruhusa.

Fundi alinitazama juu ya miwani yake. "Ruhusa ya nini, Mwalimu? Mimi nilimuuliza shehe. Akaniambia, 'Mambo ya tumbo mimi sijui. Nenda kwa daktari, halafu uje tuombe dua.'" Akakata uzi kwa meno. "Na huyo mama yako wa Bungoma, ushawahi kumuuliza kitu akakuambia hajui?"

Nilikasirika. Nilimwambia dini zetu si moja na asiingilie. Alisema samahani, akanyanyua suruali aliyokuwa anaishona akaendelea. Niliingia ndani nikafunga mlango, na kwa saa nzima nilikaa nikitafuta katika kumbukumbu zangu zote jibu moja tu la Mayi lililokuwa "sijui". Sikulipata. Badala ya kuogopa, nilijivunia.

Wiki chache baadaye, Jumamosi, Mayi alitangaza kwamba nyumba nyingi zina kitu kinachofunga mlango wa baraka. Alimwendea kila mmoja wetu akimuuliza kuna nini nyumbani kwake kinachoshika mahali pa Mungu. Wengine walitaja shanga za bibi, wengine hirizi. Mwanamke mmoja alivua miwani. Zamu yangu ilipofika nilitaka sana kuwa na kitu cha kutoa. Kwangu hakukuwa na hirizi. Nikasema mama yangu ana chupa ya dawa ya macho, na kwamba huomba huku akitia matone.

Mayi alifikiri. "Sasa huyo anaomba Mungu ama anaomba chupa?" aliuliza kwa upole. "Si ni kama mtu ameketi viti mbili? Enda ulete hiyo kitu, tuiache hapa."

Nilikwenda kwa mama Jumanne, baada ya shule. Alikuwa ameketi kwenye gunia akipukuchua mahindi. Nilisimama mlangoni, sikukaa wala sikuweka begi chini. Nilimweleza yote kwa sauti ya darasani. Nilimwambia chupa ile inaonyesha shaka, kwamba Mungu hawezi kumponya akiwa amejishikiza kwa daktari. Aliniacha nimalize. Akasema, "Hii dawa kweli inaniuma kidogo, lakini inanisaidia." Nikamwambia basi achague, maana nimeambiwa nisiingie tena katika nyumba yenye mlango uliofungwa. Hilo la mwisho Mayi hakulisema. Nililitunga mwenyewe, hapo mlangoni, kwa sababu nilimjua mama na nilijua ni wapi pa kubonyeza.

Mama aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likawa tupu. Akaliweka kando.

"Na nikikupatia, utaendelea kukuja?"

"Nitakuja kila wiki."

Akainuka, akajipangusa makapi, akaenda nyuma ya mlango, akaitoa chupa ndani ya kikombe. Ilikuwa imejaa; alikuwa ameichukua kliniki juzi yake. Aliipangusa maji kwa pindo la leso kabla ya kunipa, kama unavyompa mgeni kijiko. Nilimwona ameamini. Nilifurahi mpaka nikaimba njiani.

Kule Bungoma kulikuwa na shimo lililochimbwa nyuma ya jiko. Niliifungua chupa nikaimimina mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono. Nayaandika haya waziwazi kwa sababu kwa miaka nimesikia watu wakisimulia habari za namna hii kana kwamba wao walikuwa wamelala na mwingine ndiye aliyetenda.

Miezi ikapita. Nilitimiza ahadi, nilikwenda kwa mama kila wiki. Mama bado alilala juu ya benchi asubuhi na jioni, akafumba macho makavu, akaomba dakika tano. Nilimwambia Mayi kwamba mama anaendelea vizuri, naye alinitaka nisimulie mbele ya wengine, nami nikasimulia. Mama alipomimina chai ikapita kando ya kikombe, nilisema amechoka. Alipogonga bega kwenye nguzo ya mlango alioupita miaka thelathini, nilisema ni haraka. Nikiwa na wasiwasi niliflashi, nikapata moja, nikatulia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami kitanda kile sikuwa nakilalia mimi.

Mvua ya kupanda ikaja. Huku kwetu mahindi hupandwa kwa kamba. Unachomeka kigingi upande huu wa shamba, kigingi upande ule, unavuta kamba katikati, na unachimba mashimo kuifuata, kisha unahamisha vigingi vyote viwili kwa kipimo cha fimbo. Mama alikuwa maarufu kwa mistari yake. Watu waliopita barabarani walisimama kuitazama. Mwaka ule alipanda peke yake wakati mimi niko Bungoma kwenye mfungo wa wiki nzima, shule zikiwa zimefungwa.

Nilipokwenda kwake wiki iliyofuata mahindi yalikuwa yameota. Jirani mmoja, mama mcheshi, alinisimamisha njiani. "Mwalimu! Ati mama amepanda akicheza ngoma ya isukuti? Enda uone bana, mistari inakata kiuno!"

Nilicheka naye. Kisha nikafika nikaona.

Upande wa nyumba mistari ilianza vizuri. Lakini kadiri ilivyoteremka kuelekea mtoni ilisogeleana, mmoja ukaulalia mwingine, mingine ikakutana kabisa na kuwa kichaka cha miche. Kigingi cha karibu alikiweka kwa fimbo na kwa mikono. Kile cha mbali alikuwa ameenda kukipapasa. Nilisimama pale mwanzo wa shamba na kila mche ulikuwa unanionyesha mahali ambapo mama yangu hakuona. Mche haujui kuficha. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya homa ya mwanangu, kwa sababu safari hii nilijua ni nani aliyefanya.

Mama alikuwa amepiga magoti kati ya mistari, anang'oa magugu kwa vidole. Nilimwendea upande wa kulia nikanyoosha mkono karibu na uso wake. Aliendelea kung'oa. Niliuzungusha mkono mpaka karibu na pua yake, ndipo akashtuka akasema, "Umefika? Mbona hausalimii watu?"

Nilitoka kando, nikaflashi. Nilitaka niambiwe nenda, nimpeleke kliniki. Simu ikalia mara mbili.

Sijui nieleze vipi kilichonitokea. Mwili wangu ulitii kabla yangu. Nilijikuta nimekaa chini kwenye udongo. Halafu nikaitazama ile mistari iliyo mbele yangu, nikapiga simu ya kweli, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Mayi, mama yangu haoni."

"Anaona. Ni wewe unaangalia na macho ya mwili."

"Mahindi imeota ikiwa imepinda, Mayi. Yote."

Nilisikia kuku wakilia uani kwake. "Mfunge siku saba," alisema. "Wewe na yeye. Msiende mahali."

"Na siku saba zikiisha?" Nilikuwa napaza sauti sasa. "Mayi, unajua ama haujui? Kama haujui, si uniambie tu haujui!"

Aliponijibu, sauti yake ilikuwa imechoka, na ilikuwa sauti ya mwanamke wa kawaida tu.

"Mwanangu, mimi nikianza kusema sijui, hawa watu wote watashika nini?"

Nikakata. Nilikuwa na hasira ya kutaka kumrarua, na papo hapo nilimwonea huruma, kwa sababu nilielewa kwamba naye hawezi kutoka. Tulikuwa tumemfungia humo sisi, sote, na maswali yetu ya leso na harusi. Jambo hilo halimtoi lawama. Halinitoi na mimi.

Kesho yake nilimpeleka mama mjini bila ruhusa ya mtu. Barabarani nilitapika kando ya mtaro, na mama, akiwa ameshika mkono wangu, akauliza, "Kwani hospitali anapelekwa nani hapa?" Alicheka. Nilitamani asicheke.

Daktari wa macho alimpima muda mrefu. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilibakiwa na kidogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Akasema kuna upasuaji wa kupunguza presha, hauwezi kurudisha kilichopotea, ila huenda ukalinda kilichobaki, na hawezi kuahidi. Kisha akafungua kadi ya mama akakunja uso.

"Mama, hii dawa uliacha lini? Na kwa nini?"

Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Ilimwagika," alisema.

"Ikimwagika si unarudi upewe ingine? Wewe ni mtu mzima! Macho ni kitu ya kuchezea?"

Daktari alimkaripia kwa haki yote ya mtu anayeona uzembe, na mama aliinamisha kichwa akapokea. "Ni ukweli, daktari. Nilikosea." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Ningeweza kusema. Nilinyamaza mpaka tukatoka nje, na kati ya mambo yote niliyoyafanya katika miaka ile, kunyamaza kule ndiko kunakonitia aibu zaidi hadi leo. Hapo hakukuwa na nabii wa kusingizia.

Karatasi ya upasuaji ilipoletwa nilishika kalamu nikashindwa. Mkono ulikuwa unaingoja simu. Mama akanyoosha wake. "Lete," alisema. "Macho ni yangu." Nikakiweka kidole chake kwenye mstari, akaandika jina lake polepole, herufi kubwa zikapanda juu ya maandishi ya serikali. Akafumba macho akaomba pale pale kwenye benchi, maneno machache: kwamba Mungu amsaidie daktari kuwa mwangalifu, na kwamba ng'ombe wakamuliwe kwa wakati. Kisha akauliza choo kiko wapi.

Upasuaji ulilinda kile kidogo. Mpaka leo mama anaona sahani iliyo mbele yake, anaona uso ukikaa sawasawa naye. Vingine vyote alivyokuwa akiviona havikurudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Simu yangu iliendelea kulia mara mbili kila asubuhi kwa karibu mwezi mmoja. Niliitazama ikilia, nikavaa viatu, nikaenda kazini. Baadaye ikaacha. Watu hudhani mtu akitoka kwenye kifungo kama kile hukimbia kwa furaha. Mimi nilisimama dukani mbele ya sabuni mbili, ya mche na ya unga, nikashindwa kuchagua mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Nilimsimulia fundi wa cherehani mambo yote. Hakuniambia "si nilikwambia", ingawa alikuwa na haki. Alisema, "Chagua moja, Mwalimu. Ukikosea, wiki ijayo utachagua ile nyingine." Nilinunua ya mche.

Kuomba nilishindwa kwa muda mrefu zaidi. Nikifumba macho nilijikuta nangoja mlio. Na tangu hapo watu, hasa walimu vijana, wameniuliza watajuaje kama dini yao inawajenga au inawala. Wanataka alama, na mimi mwenyewe nilizitafuta sana, kwa sababu kwa nje mambo haya mawili yanafanana. Kwa Mayi tulifunga, na kanisani kwa mama walifunga. Nyimbo zilikuwa zile zile, Biblia ile ile, machozi yale yale. Hata upendo ulikuwepo kwa Mayi, usidhani haukuwepo. Ninachoweza kusema ni kwamba mama alipotoka kwenye maombi alikuwa na nguvu ya kubeba jembe na kujibu maswali yake mwenyewe, na mimi nilipotoka Bungoma nilikuwa na maswali mawili zaidi ya niliyoingia nayo. Mama angeweza kumwambia mchungaji wake kwamba amekosea, na akarudi Jumapili akakaa kiti kile kile. Mimi nisingethubutu hata kuliwaza. Labda nikisema zaidi ya hapo nitaanza na mimi kujibu kila kitu.

Lilibaki jambo moja kati yangu na mama, nami nililikwepa karibu mwaka mzima. Nilikuwa nimejiambia kwamba tulidanganywa wote wawili. Kwamba naye aliamini, kwa hiyo lawama tunagawana. Ilinisaidia kuishi.

Jumapili moja baada ya kanisa tulikuwa tunachambua maharagwe ya kuchemshwa na mahindi yawe githeri. Mama alikuwa akiyapitisha kwenye vidole, akitoa vijiwe kwa kugusa, haraka kuliko mimi niliyekuwa na macho mawili. Nikamwambia nisamehe. Nikasema, "Sote wawili tuliamini kitu ambacho hakikuwa kweli."

Vidole vyake vikasimama.

"Mimi sikuamini," alisema. "Hata siku moja."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza basi kwa nini alinipa chupa. Nilimuuliza kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea. Ukali wangu haujawahi kujua pa kukaa. Alitafuta uso wangu kwa lile dirisha dogo lililobaki, akageuza kichwa kidogo kidogo mpaka akanipata.

"Ulikuwa umesimama kwa mlango na begi," alisema. "Ulikuwa umezika mtoto, bwana ameenda, na huyo mama ndiye alikuwa amekushika. Ningekataa, ungeenda, na hungerudi. Mimi nilikuwa na macho mawili. Mtoto nilikuwa na mmoja tu."

Kisha akarudi kwenye maharagwe. Mimi sikuweza. Nilimwaga yangu mapajani, nikamlalia magotini, mtu mzima, mwalimu, nikalia kwa sauti mpaka kuku wakakimbia jikoni. Mama hakuniambia ninyamaze. Aliweka mkono mmoja kichwani mwangu, na kwa ule mwingine akaendelea kuokota maharagwe yaliyomwagika, moja moja, akipapasa.